Motokaa Kuukuu Inayotetemeka Ikiwa Imesimama

(Haya ni maneno ya mazungumzo ya fundi mmoja mbele ya wenye motokaa za zamani, mjini Nairobi.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo karibu kila mwenye motokaa ya zamani limempata. Injini inawaka vizuri, na barabarani inakwenda. Lakini mara mguu uondokapo kwenye mafuta, gari zima hutetemeka kama mtu mwenye homa, na pengine injini huzimika katikati ya njia panda huku walio nyuma wakipiga honi. Nitatumia mfano wa motokaa niijuayo kuliko nyingine, yaani Morris Minor, ambayo Waingereza walianza kuitengeneza mwaka wa 1948 wakaiacha mwanzoni mwa miaka ya sabini. Najua wengine wenu mnazo za namna nyingine, lakini injini yo yote yenye kabureta na pointi hufuata kanuni hizi hizi. Vipimo tu ndivyo vinavyobadilika.

Kwanza nitakiri kosa langu. Minor yangu ilianza kutetemeka kidogo kidogo. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, akageuza skrubu za kabureta, akapokea fedha zake, nayo ikatulia siku mbili. Ilipoanza tena, mimi mwenyewe nikakaza skrubu ya mwendo ili injini izunguke upesi zaidi ikiwa imesimama. Kutetemeka kukapungua. Nikadhani nimeitengeneza, kumbe nimeuficha ugonjwa.

Wiki ya tatu nilikuwa nikitoka Nakuru, nampeleka mama yangu kwa daktari Nairobi. Tulipoanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu, nguvu zikaisha. Tukapanda kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, kisha gari likakataa kabisa. Mama alikaa juu ya jiwe kando ya njia, amejitanda shuka, muda wa saa mbili, mpaka lori la mboga likatuvuta. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Tulipoifungua injini tuliona vali ya kutolea moshi ya silinda ya tatu imeungua, na kipande kama ukucha kimekatika ukingoni mwake. Wiki tatu kabla ya siku ile, kazi yake ilikuwa spana moja, bisibisi moja, na saa moja ya asubuhi.

Basi nawaomba, msiiguse kabureta mpaka mmejua kama ni silinda moja inayokataa kazi, au kama zote zinakosea kwa pamoja.

Njia ya kujua ni rahisi. Iwasheni injini mpaka ipate moto, kisha, kwa koleo lenye mpini wa mpira, vueni waya wa plagi moja, msikilize, mrudishe. Halafu wa pili, na kuendelea. Umeme ule hupita volti 10,000, kwa hiyo msiushike kwa mkono mtupu, wala msifanye hivyo petroli ikiwa inavuja. Tena msilijaribu jambo hili katika magari ya siku hizi yenye mitambo ya elektroniki, maana mtaharibu vyombo vya bei kubwa. Katika gari la zamani, waya wa silinda nzima ukivuliwa, injini huzidi kuyumba. Wa silinda mvivu ukivuliwa, hapabadiliki kitu. Hapo mmemkamata.

Mkishampata, badilishaneni plagi yake na ya jirani. Kama ugonjwa umehama pamoja na plagi, nunueni plagi mpya, na nafasi ya cheche iwe inchi 0.025. Kama haukuhama, badilishaneni nyaya. Kama bado upo pale pale, ndipo mpime mgandamizo wa hewa ndani ya silinda zote nne. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, itieni kijiko kimoja cha mafuta ya injini kwa tundu la plagi, mpime tena: kipimo kikipanda sana, ringi za pistoni zimechakaa, kisipopanda, vali haifungi. Na zikiwa chini silinda mbili za katikati zilizo jirani, ya pili na ya tatu, tazameni sana gasketi ya kichwa, maana baina yao ukuta ni mwembamba.

Sasa juu ya vali nitakaa kidogo, kwa kuwa ndizo zilizonifundisha. Watu wengi huogopa vali inayogonga. Mimi naogopa ile iliyo kimya. Vali inayogonga ina nafasi iliyozidi. Lakini iliyobana haipigi kelele yo yote, haifungi sawasawa, moto hupenya ukingoni, nayo huungua polepole huku mwenye gari akisifu utulivu wa injini yake. Dalili ya kwanza ni huku kutetemeka tunakokuzungumzia.

Injini za zamani kama ya Minor ziko katika hatari zaidi, kwa sababu kiti cha vali kimechongwa katika chuma kile kile cha kichwa cha injini. Zamani risasi iliyokuwamo katika petroli iliweka utando wa kukilinda. Hapa Kenya petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa kufikia mwaka wa 2006, na ni vema, maana risasi ni sumu kwa watoto wetu. Lakini gari kuukuu likikimbizwa sana, kiti huliwa, vali huzama, na nafasi hupungua. Dawa ya kudumu ni kutiwa viti vigumu katika karakana ya mashini. Mpaka siku hiyo, pimeni mara kwa mara: inchi 0.012, injini ikiwa baridi. Kuna hesabu nzuri ya kuwasaidia. Vali ni nane. Ukitaka kupima moja, zungusha injini mpaka ile nyingine ambayo namba zao zikijumlishwa hupatikana 9 iwe imesukumwa chini kabisa. Ya kwanza hupimwa ya nane ikiwa chini, ya tatu kwa ya sita, na kadhalika.

Ikiwa silinda zote zinakosea, fungueni kifuniko cha distributa. Pointi ziwe na nafasi ya inchi 0.015, nyuso zake ziwe safi. Shikeni na ule mhimili wa katikati, mwutikise. Ukicheza, nafasi ya pointi haitakaa sawa hata mkiipima kila siku.

Kisha tafuteni hewa inayoingia kwa wizi. Tieni matone ya mafuta mazito mahali kabureta inapoungana na injini, na penye mhimili wa kipepeo cha kabureta, ambao kwa umri huu huwa umelika. Ngurumo ikibadilika, mmeona tundu.

Ya mwisho kabisa ni kabureta. Angalieni kwanza kama waya wa choki unarudi wote. Katika Minor choki huiteremsha jeti, na vumbi letu huifanya ikwame chini, injini ikanywa petroli kupita kiasi. Halafu kiinueni kile kijiti cha ubavuni kinachonyanyua pistoni ya kabureta, chini ya milimita moja. Mwendo ukiongezeka na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzimika, imepungua. Ukiongezeka kidogo tu kisha ukarudi, msiguse kitu.

Na wale wasafirio na Pwani wakumbuke ya kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15. Gari lililotengenezwa Mombasa huku huzidiwa na petroli, na plagi huwa nyeusi kwa masizi. Lililotengenezwa huku likishuka Mombasa huweza kuona njaa. Mabadiliko kama hayo si ugonjwa wa injini.

Minor yangu iko nje chini ya mti, imekaa tangu asubuhi, nayo ni baridi sasa. Twendeni tuufungue mfuniko wa vali. Mmoja wenu atazungusha injini, na mwingine ahesabu mpaka 9.