Intaneti ya Nyumbani Inapopungua Kasi: Tujue Kwanza Ubovu Uko Wapi

Mada iliyotolewa kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano, Sumbawanga, mkoani Rukwa



Tuzungumze juu ya jambo linalogusa mifuko ya wengi, yaani intaneti ya nyumbani inayokwenda polepole kuliko tunavyoilipia. Ruta imeacha kuwa kifaa cha ofisini pekee. Tunaikuta Majengo, Chanji na Kizwite. Tunaikuta kwenye steshenari ambako mhitimu wa kidato cha sita huomba chuo na mkopo wa elimu ya juu. Siku ya mwisho ya maombi ikifika huku ukurasa ungali unazunguka, kijana huyo aweza kupoteza mwaka mzima.

Intaneti ikizorota, wengi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi, na mara nyingi fedha hiyo hupotea kwa sababu ubovu ulikuwa ndani ya nyumba. Wengine huvumilia miezi kadhaa, wakilipa bei kamili kwa huduma pungufu, wakidhani ruta yao imezeeka. Makundi yote mawili yangeokolewa na vipimo vya dakika chache.

Data hupita safari tatu. Ya kwanza ni kutoka simu au kompyuta hadi kwenye ruta, kwa mawimbi tunayoyaita waifai. Ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma, kwa mnara au kwa waya wa faiba. Ya tatu hutoka kwa mtoa huduma hadi ulimwenguni. Kazi yetu ni kutambua ni safari ipi iliyokwama.

Tuanze na kipimo. Zima au ondoa vifaa vingine vyote kwenye waifai, simama hatua mbili tatu kutoka kwenye ruta, kisha pima kasi kwa tovuti au programu ya kupimia. Andika jibu. Nenda kwenye chumba ambako intaneti husumbua, upime tena. Karibu na ruta kasi ikiwa nzuri na chumbani ikiwa mbaya, ubovu uko nyumbani mwako. Ikiwa mbaya hata karibu na ruta, unganisha kompyuta kwa waya wa mtandao, kama unao, upime mara ya tatu. Ikibaki mbaya, tazama safari ya pili na ya tatu. Tahadhari moja: kipimo hula kifurushi. Kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde, kupakua kwa sekunde 10 tu hutumia megabaiti 25.

Hapo tufafanue vipimo, maana vimewachanganya wengi. Kasi huuzwa kwa megabiti, lakini ukubwa wa mafaili huandikwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Laini ya megabiti 10 huleta megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 600 itachukua dakika 8, na hapo hujaibiwa. Soma pia neno “hadi” katika tangazo. “Hadi megabiti 20” ni kiwango cha juu kabisa. Muulize muuzaji kasi ya kawaida ni ipi, na kama kasi hupunguzwa baada ya kutumia kiasi fulani cha data, kwa kuwa baadhi ya vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina sharti hilo.

Ubovu ukiwa nyumbani, tiba nyingi hazina gharama. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma, zina bati juu, na milango na nondo za chuma. Kuta nene hudhoofisha mawimbi, na chuma huyarudisha. Ruta iliyofungiwa kabatini, iliyowekwa sakafuni au nyuma ya televisheni haiwezi kuhudumia nyumba nzima. Iweke mahali pa wazi, juu kidogo, karibu na katikati ya nyumba. Ruta nyingi hutoa masafa mawili: ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini husongamana; ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi, lakini hudhoofika haraka kwa umbali na kuta. Aliye sebuleni karibu na ruta atumie 5; aliye chumba cha mwisho atumie 2.4. Penye ruta nyingi za majirani, badili chaneli ya 2.4 iwe 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani.

Kagua pia nani yumo kwenye mtandao wako. Kibandiko cha ruta huonyesha anwani ya kuingilia kwenye mipangilio yake. Humo utaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona usivyovitambua, badili nywila. Usisahau simu zenu wenyewe, ambazo husasisha programu na kuhifadhi picha mtandaoni bila kuuliza. Na kabla ya kununua kifaa cha kurudia mawimbi, fahamu kuwa vile vya bei nafuu vinavyopokea na kutuma kwa masafa yaleyale hupunguza kasi kwa takriban nusu.

Safari ya pili ina sura yake huku kwetu. Uwanda wa Ufipa umeinuka, na mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800. Mawimbi ya simu hupendelea njia iliyonyooka. Mnara unaoonekana kutoka kilimani huenda usimfikie aliye bondeni, au aliye upande wa pili wa mteremko unaoshuka Bonde la Ziwa Rukwa. Kwa ruta ya laini ya simu, ijaribu kwenye kila dirisha ukitazama alama za mtandao, uiache palipo na nguvu zaidi, hata kama hapo si katikati ya nyumba. Radi zikianza, ichomoe kwenye umeme.

Kisha pima saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku, kwa siku kadhaa. Kasi ikiwa nzuri alfajiri na mbaya usiku, dalili ni msongamano wa watumiaji kwenye mnara. Kuhamisha ruta hakutaponya hilo. Ni wajibu wa mtoa huduma kulijibu.

Safari ya tatu haimo mikononi mwetu, lakini inafaa kuijua. Kutoka hapa hadi pwani ya Dar es Salaam, zilikofika nyaya za baharini, ni zaidi ya kilomita 1,000. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo usinunue ruta mpya. Waulize kwanza majirani wanaotumia kampuni nyingine.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Andika tarehe, saa, mahali ulipopimia, kasi uliyopata na kasi uliyouziwa. Peleka malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako, udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika, yafikishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 2003. Ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Sheria hiyohiyo iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji, TCRA CCC, ambalo kazi yake ni kutetea maslahi ya mtumiaji. Anayesema “intaneti ni mbovu” hujibiwa azime na kuwasha ruta. Mwenye vipimo vya siku saba, vilivyochukuliwa karibu na ruta asubuhi na usiku, anastahili jibu la kitaalamu, na ana haki ya kulidai.

 Sasa tunakaribisha maswali.