Yasimalizwe Nyumbani

Tangazo la Jumatano, tarehe 24 Novemba 2021, umelisikia, na kama hukulisikia kwenye taarifa ya habari basi umelisikia kijiweni. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alisema msichana aliyekatisha masomo kwa ujauzito ataruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Lile katazo la wasichana hao kurudi shuleni, lililotamkwa Chalinze Juni 2017, limefika mwisho. Kituo hiki cha redio kinalipokea tangazo kwa mikono miwili, na hatutapoteza dakika zetu kubishana na wanaodai eti sasa wasichana watazaa kwa makusudi. Aliyewahi kukesha na mtoto mchanga mwenye homa hasemi hivyo.

Kinachotusumbua ni kingine. Kinatusumbua kile kikao cha barazani.

Ushongo tunakijua, Bweni tunakijua, na Pangani mjini kwenyewe hatujakisahau. Mkeka umetandikwa, kahawa inamiminwa, wajomba wa binti wamekaa upande huu, wazee wa kijana upande ule, na mara nyingine huyo anayeitwa kijana ana wajukuu. Inatajwa laki mbili, watu wanaguna. Inatajwa laki tatu na mbuzi, watu wananyamaza. Binti mwenyewe yuko uani anakuna nazi. Hakuna aliyemwita. Kisha anainuka mtu mmoja, na safari nyingine ni mzee wa kanisa, tunalisema kwa uchungu, anakohoa kidogo na kutamka: jamani, haya yamalizwe nyumbani, mengine tumwachie Mungu.

Tumwachie Mungu! Mungu anapewa kazi ambayo sheria imempa polisi. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mimba mwanafunzi anastahili kifungo cha miaka 30. Barazani miaka 30 imekuwa mbuzi mmoja.

Ugumu tunauelewa. Mtu wa Ushongo anayefuata haki ya mwanawe anapanda bodaboda hadi Bweni, anasubiri kivuko, anavuka, anatafuta dawati la jinsia na watoto, anachukua fomu ya polisi, PF3, anakwenda hospitali, halafu mahakamani anaambiwa kesi imeahirishwa. Nauli inatoka tena. Siku ya kazi inapotea tena. Hilo Serikali ilitazame, na tutaendelea kulisema. Lakini lawama zote zisitupwe mtoni. Zipo kesi ambazo hazikukiona hata hicho kivuko. Zilimalizwa nyumbani.

Sisi Wakristo tunaungama kwamba Mungu anamjua kila mtu, mmoja mmoja, hata nywele zake zimehesabiwa. Tunalisema msibani, tunalisema kwenye ubatizo. Basi na tulisindikize hadi kwa huyu binti wa uani. Hajiri alikuwa mjakazi, mjamzito, hana mjomba wa kumsemea, na aliyempa mimba na aliyemtesa walikuwa watu wa dini kabisa. Alipokimbilia nyikani, malaika alimwita kwa jina na kumwuliza atokako na aendako. Aliulizwa yeye mwenyewe! Majirani zetu Waislamu humkumbuka kila Hija wanapokwenda baina ya Safa na Marwa, pale mama huyu alipohangaika kumtafutia mwanawe maji. Kwa hiyo katika pwani hii hakuna wa kusema Hajiri hamjui. Lakini barazani kwetu, binti ameulizwa nini?

Na Kanisa la pwani hii lilianza na watoto wasio na wa kuwasemea. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, alikabidhiwa na Sultani wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa. Watano tu, ndio wakawa shule. Baadaye huko Kiungani, hapohapo Unguja, alisoma Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa utotoni, na mwaka 1890 akapewa upadri. Pangani yetu nayo ilikuwa bandari ya biashara ya watumwa. Mtoto kukadiriwa bei na watu wazima pasipo yeye kuulizwa, si jambo geni hapa.

Majilio yanapokaribia, kwaya hufanya mazoezi ya nyimbo za Mariamu na mimba yake. Na zipo kwaya ambazo sauti ya kwanza imepungukiwa msichana aliyeondolewa mwaka huu kwa sababu ya mimba, huku aliyempa mimba hiyo angali safu ya nyuma, anaimba besi.

Wachungaji, mapadri, wainjilisti, hili ni lenu. Shule zinafunguliwa Januari. Msingoje binti aje ofisini kwenu na khanga usoni. Mfuateni kwao, mwulizeni yeye anataka nini, kisha mwende naye kwa mwalimu mkuu. Akina mama wa WAWATA, akina mama wa UMAKI, mtoto atabaki na nani saa za masomo? Pangeni zamu, na mpange leo! Nawe mjomba, ukiitwa kwenye kikao kile, uliza kwanza binti yuko wapi. Usipojibiwa, ondoka, na kahawa yao uiache. Piga simu 116, ni bure, inahusu watoto, na hawatakuuliza dhehebu lako. Yasimalizwe nyumbani! Hata kama ni kaka yako, yasimalizwe nyumbani! Hata kama ni mzee wa kanisa, hasa kama ni mzee wa kanisa, yasimalizwe nyumbani! Na nauli ya bodaboda na kivuko, ya binti, ya mama yake na ya shahidi, ichangwe kwenye ibada ya Jumapili hii, kabla ya mchango wa bati za kanisa.