Anayebaki Kijijini

Wengi mnaohitimu leo hapa Muscat mna jamaa Unguja, Pemba, Mombasa au Bujumbura, na mtapenda sehemu ya mshahara wenu wa kwanza iende huko kama sadaka. Kabla hamjaituma, mfikirieni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Anakwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, anakagua kadi za kliniki, anamhimiza mjamzito asijifungulie nyumbani, anamzungushia mtoto mkononi ule mkanda wa rangi tatu wa kupimia lishe. Ukisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, mtoto hasubiri kesho. Mkanda ni wa bei ndogo mno. Thamani yake inatokana na aliyeushika, kwa sababu anamjua mama huyo na wiki ijayo atapita tena.

Kwa miaka mingi watu hawa walitumikishwa bila malipo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri walipwe kulingana na uzito wa kazi yao. Mwaka 2023 Kenya ilizindua wahudumu wapatao 100,000 wenye posho na mabegi ya vifaa, na Januari 2024 Tanzania ikaanza mpango wa kuandaa zaidi ya 137,000 kwa miaka 5. Wapo wanaosema posho inapunguza thawabu, kwamba anayejitolea kwa ajili ya Mungu hapokei kitu. Nia yao naiheshimu, lakini aya ya 60 ya Surat Tawba inawatengea fungu la zaka wale wanaoihudumia. Anayeacha shamba lake akauguze watoto wa wenzake ana haki ya kula. Wengine watasema bora sadaka hiyo ichimbe kisima, kwa kuwa kinaonekana na kinabeba jina la marehemu. Chimbeni! Ila pampu ikiharibika, atakayechangisha pesa za vipuri na kumtafuta fundi ni mtu wa pale pale, kwa hiyo posho yake iingie kwenye hesabu ya kisima tangu mwanzo.

Oktoba 2021, kimbunga Shaheen kilipoipiga pwani ya Batinah hapa Oman, maelfu ya watu walikwenda Suwaiq na Khabura kuzoa matope majumbani. Hata hapa kwetu, mgeni mwenye koleo alihitaji mwenyeji wa kumwambia nyumba ipi ina mzee asiyeweza kuinua godoro lake. Basi mkienda likizo kuwaona bibi zenu, ulizeni mhudumu wa mtaa ule ni nani, mumfuate, na yeye mwenyewe awaambie amepungukiwa nini.