Daftari la Duka la Mtandaoni: Hotuba kwa Wakazi wa Kata



Nimeombwa nizungumzie jambo linaloingia majumbani mwetu kwa njia ya simu. Wengi wetu sasa tunanunua nguo, viatu na vifaa vya nyumbani katika maduka ya mtandaoni. Muuzaji wa sokoni humjua mteja kwa kumwona na kusema naye. Duka la mtandaoni humjua kwa alama anazoziacha: ukurasa alioufungua, muda aliokaa hapo, bidhaa aliyoiweka kikapuni kisha akaitoa, na saa aliyopita.

Chombo kikuu cha kazi hiyo huitwa kidakuzi, yaani faili dogo ambalo tovuti huliweka katika simu ya mteja. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, ili duka likumbuke kilichomo kikapuni. Baadaye kampuni za matangazo ziliweka vidakuzi vyao katika tovuti nyingi, zikaweza kumfuata mtu mmoja kutoka duka hadi duka.

Kutokana na alama hizo, programu humweka mteja katika fungu: huyu ana mtoto mchanga, huyu ana uwezo. Mwaka 2012 ilibainika kwamba Orbitz, wakala wa safari wa Marekani, iliwaonyesha wenye kompyuta za Mac hoteli za gharama kubwa kuliko wenye Windows, kwa kuwa iliona kwamba wao hulipa zaidi. Kampuni ilieleza kuwa chumba kile kile hakikuuzwa kwa bei mbili. Hata hivyo, anayekuchagulia cha kuona kwanza amekwisha kukuchagulia nusu ya utakachonunua.

Kwetu sisi, madhara yaweza kuanzia nyumbani, ambako simu moja hutumiwa na wengi. Mama akitafuta dawa ya maradhi ambayo hajamwambia mtu, kesho tangazo la dawa ile laweza kumtokea mwanawe katika simu hiyo hiyo. Siri imetoka bila yeyote kuisema.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka la mtandaoni ameushika usia huo, na katika daftari lake tumeandikwa sisi. Lakini nasi tunayo haki juu ya daftari hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatupa haki ya kujua taarifa zetu zilizohifadhiwa, kutaka zilizokosewa zirekebishwe, na kuzuia zisitumike kututangazia biashara. Asiyesikilizwa apeleke malalamiko yake kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusome kabla ya kubonyeza neno «kubali». Tufute vidakuzi mara kwa mara katika mipangilio ya kivinjari. Kwa jambo la faragha katika simu ya familia, tutumie hali fiche bila kuingia katika akaunti. Na kabla ya kulipa, tulinganishe bei katika duka jingine, hata la hapa sokoni kwetu.