Mbao za Nyumba Zetu Zinatoka Msitu Gani?

(Hotuba ya wauguzi wa jumuiya kwenye sherehe ya Uhuru, Glasgow)

 

Mtajiuliza wauguzi tunatafuta nini msituni. Huku tulikosomea shahada tulifundishwa kwamba dawa haitolewi kabla mgonjwa hajapimwa, na kwamba jambo lisiloandikwa kwenye faili huhesabiwa kuwa halikufanyika. Msitu nao hupimwa, ukaandikwa.

Chukueni mpingo. Zumari za mfuko tunazozisikia mitaani hapa, nyingi zimechongwa kwa mti huo, unaoota kwetu Kilwa na kwingineko kusini. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ukikatwa leo bila hesabu, mtoto aliyezaliwa leo atazeeka pengo halijazibika.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kutenga misitu yao ya hifadhi na kubaki na mapato yake. Wanakijiji huupita msitu mstari kwa mstari, wanahesabu miti ya kila aina, wanapima unene, wanaandika daftarini. Hesabu hiyo ndiyo inayosema ivunwe mingapi, upande gani, na upande upi upumzishwe. Kamati ya maliasili hufanya doria. Mpango na sheria ndogo hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mwaka 2009 vijiji viwili vya Kilwa, Kikole na Kisangi, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Ni wakulima hao, si maprofesa.

Sasa tuje kwetu. Humu ukumbini wengi tunajenga nyumbani. Tunatuma pesa, tunamwambia fundi atafute mninga wa milango, bei nzuri. Mbao za bei ya kushangaza mara nyingi zimekatwa usiku, na kijiji hakikupata hata senti. Kijiji kinachofuata mpango wake kitashindanaje na mwizi?

Kwa hiyo tunaomba: kabla ya kutuma pesa, fundi au shemeji apige picha ya alama ya nyundo kwenye mbao na hati ya kusafirishia, aitume kwa WhatsApp. Shemeji atanuna. Bei nayo itapanda, hilo tusifichane.

Na ule mchango wa miti: sisi wauguzi hatuoni faida ya kununua miche ya kupigia picha, ikanyauka kiangazi. Afadhali tutafute kijiji ambacho mpango wake umekwisha muda, tugharamie kuupima msitu upya. Ajenda hiyo iko kwenye mkutano wa Januari. Wenye maoni tofauti njooni pia, tubishane.