Nani Anamtupia Jicho? Sheria ya Uingereza na Mtoto Anayebaki Peke Yake Nyumbani

Mada kwa ajili ya semina ya wazazi wanaozungumza Kiswahili, Small Heath, Birmingham



Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutafsiri katika nyumba moja hapa mjini. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mwenyewe asitambulike. Mama alikuwa akifanya usafi maofisini, zamu ya alfajiri. Alitoka saa kumi na nusu, akavuta mlango, akawaacha wanawe wamelala: binti wa miaka minane na mdogo wake wa miaka mitatu. Yule mdogo akaamka, akaburuta kiti hadi mlangoni, akafungua. Mpita njia alimkuta barabarani miguu mitupu, na ilikuwa Januari. Mama aliporudi alikuta askari wawili sebuleni.

"Mtoto ulimwachia nani?" Nikatafsiri. Akajibu, "Nilimwacha na dada yake." Nikatafsiri hilo nalo. Askari akauliza dada ana umri gani, na mama akamwonyesha kwa kidole: amekaa kwenye kochi, amevaa sare ya shule, analia.

Mama yule hakudanganya. Magomeni au Bukavu, binti wa miaka minane kubeba mdogo wake mgongoni ni jambo la kila siku. Lakini tukumbuke vizuri jinsi ilivyokuwa. Uani mpangaji wa chumba cha pili anachambua mchele, bibi yuko barazani, mwenye duka anamjua kila mtoto na mama yake. Ukitoka unasema tu, "Nitupie jicho hapo," na unaondoka moyo umetulia. Binti alimbeba mdogo wake, na mtaa mzima uliwabeba wote wawili. Huku tumehama na yule binti, mtaa tumeuacha. Mlango ukifungwa, mtoto amebaki peke yake kwelikweli.

Sasa sheria. Nimesikia wengi wakisema hapa umri ni miaka 12, wengine 14. Hakuna umri uliotajwa. Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1933, kifungu cha kwanza, ambayo bado inatumika England, inamhusu mtu aliyefikisha miaka 16 na mwenye jukumu la kumtunza mtoto aliye chini ya umri huo. Akimtesa, akimtelekeza au akimwacha kwa makusudi kwa namna inayoweza kumletea mateso au madhara, ametenda kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka 14 jela. Naomba mlishike neno "inayoweza". Sheria haisubiri mtoto aungue wala aanguke.

Mtapimwa kwa hali halisi: umri wa mtoto, utulivu wake, muda aliobaki peke yake, kama kuna jiko au dirisha lililo wazi, kama anajua amwite nani. Shirika la NSPCC, linalotetea watoto, linashauri kwamba wachanga na wadogo kabisa wasiachwe peke yao hata kidogo, walio chini ya miaka 12 ni nadra kuwa tayari kubaki kwa muda mrefu, na aliye chini ya 16 asiachwe usiku kucha. Huo ni ushauri, lakini ni kipimo kizuri. Na ukimwachia mdogo dada yake wa miaka 14, hata kama binti ni hodari, jukumu mbele ya sheria linabaki lako.

Niseme wazi kuhusu hofu ya "soshali", yaani maofisa wa ustawi wa jamii, maana hofu hiyo ndiyo inayowaumiza watoto wetu zaidi. Yule mama aliniambia pale mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba angeomba msaada wangemnyang'anya watoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inawapa polisi uwezo wa kumweka mtoto mahali salama kwa muda usiozidi saa 72. Baada ya hapo lazima mzazi akubali au mahakama iamue. Sheria hiyohiyo inailazimisha halmashauri kuisaidia familia yenye mtoto mhitaji. Hapa Birmingham kazi hiyo inafanywa na Birmingham Children's Trust tangu 2018. Tumeijua nusu ya sheria inayotisha tu, na nusu ya pili tumeiacha ikae bure.

Tunaweza basi kulirudisha jicho la jirani? Tunaweza, kwa mipaka. Ukimlea mtoto wa mwenzako wa chini ya miaka minane nyumbani kwako, kwa malipo, zaidi ya saa mbili kwa siku, kwa kawaida unapaswa kusajiliwa. Marafiki wanaopokezana watoto bila fedha hawahitaji usajili. Sharti la usajili lililegezwa baada ya kesi ya akina mama wawili askari polisi waliokuwa wakipokezana watoto namna hiyo, iliyozua mjadala mkubwa mwaka 2009. Na mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye ndugu wa karibu, halmashauri lazima ijulishwe. Babu, bibi, kaka, dada, mjomba na shangazi wa kweli hawahusiki na sharti hilo. Wengi wa "mashangazi" zetu hawamo humo, ndugu zangu, hata tukiwapenda vipi.

Watoto wa yule mama hawakuchukuliwa. Jirani, mama wa Kirundi wa nyumba ya tatu, sasa hulala kwake siku za zamu, na yule mama huwachukua watoto wa jirani huyo shuleni jioni. Mlango una komeo la juu. Kwenye friji imebandikwa namba ya simu ya jirani, imeandikwa kwa kalamu ya rangi na yule binti.