Kupanda Mlima kwa Pikipiki: Polepole Nayo Hufundishwa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kisii na Nyamira, yaliyotolewa na mfanyakazi wa maendeleo ya jamii)



Nimeombwa niseme juu ya mikopo ya vikundi. Nitasema, lakini nitapitia njia ya matope. Mtaona sababu.

Kuna kikundi ninachokitembelea, sitakitaja. Kilinunua pikipiki kwa mkopo, kijana mmoja wa kikundi akapewa aendeshe na kuleta hesabu kila jioni. Mambo yalikwenda vizuri. Usiku mmoja wa mvua ndefu akaitwa ampeleke mama mjamzito hospitalini. Njia yao inateremka hadi mtoni. Katikati ya mteremko gurudumu la nyuma likaanza kuteleza, naye akafanya kile ambacho wengi wetu hufanya: akatoa mguu nje ili azuie. Mguu ulivunjika kwenye kifundo. Mama akaangukia mtaroni. Tunamshukuru Mungu, mama alipona na mtoto akazaliwa salama. Lakini kijana alikaa nyumbani miezi minne, pikipiki ikasimama, na malipo ya mkopo hayakusimama. Akiba ya kikundi, iliyokuwa ya kununua tangi la maji, iliishia hapo.

Tulipokutana, watu waliuliza juu ya breki. Wakauliza juu ya tairi. Wengine wakailaumu mvua. Mzee mmoja tu aliuliza, “Huyu kijana, ni nani alimfundisha kuteremka ule mlima?” Jibu: hakuna mtu. Alifundishwa na binamu yake alasiri moja, barabara ya lami karibu na soko, na kesho yake akapakia abiria.

Hebu tuulizane, ni wangapi hapa walijifunza hivyo hivyo? Naona mnacheka. Tangu kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa, mnamo mwaka 2008, pikipiki zimejaa kila kituo, kutoka Suneka hadi Nyansiongo. Ni baraka. Majani ya chai yanafika kituoni, mgonjwa anafika Tabaka, mwalimu anafika shuleni. Lakini nchi yetu si tambarare. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na upande wa Nyamira kuna vilima vinavyozidi mita 2,000. Mvua yetu hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kusema kwa hakika hautanyesha. Udongo mwekundu ukilowa ni kama sabuni. Leseni ni lazima, kofia ngumu ni lazima, na sheria ya trafiki inataka abiria mmoja tu. Hayo yote nayaunga mkono. Ila leseni peke yake haimfundishi mtu kushuka Manga saa nne za usiku.

Mimi mwenyewe naendesha pikipiki ya kazi, huu ni mwaka wa kumi na saba. Mwanzoni nilianguka sana, na akina mama wa vijijini walinihurumia mpaka wakataka kunitafutia punda. Aliyeniokoa ni omogaka mmoja, fundi aliyestaafu. Hakunipeleka barabarani. Alinipeleka kwenye kiwanja cha nyasi, akasema, “Tushindane hadi pale kwenye mparachichi. Atakayefika wa mwisho bila kuweka mguu chini ndiye mshindi.” Nilidhani ananichezea. Nilishindwa mara ishirini.

Baadaye nikaja kujua kwamba kumbe huo ni mchezo kamili huko ng'ambo. Unaitwa trayali. Scotland wana mashindano yake yaliyoanza mwaka 1909, na hadi leo yanaendelea. Si mbio. Mwendeshaji anapewa kipande cha njia chenye mawe, matope, magogo na mto, naye hupita polepole, amesimama juu ya vikanyagio. Akigusa chini kwa mguu mara moja anaandikiwa pointi 1, mara mbili pointi 2, tatu au zaidi pointi 3. Akianguka au akitoka nje ya njia, pointi 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mhispania mmoja, Toni Bou, amekuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara 30. Na kabla ya kupanda pikipiki, yeye na wenzake hukitembea kile kipande kwa miguu, wakiangalia jiwe hili na shimo lile. Bingwa wa dunia anashuka na kukagua njia! Sisi tunaona aibu kushuka.

Basi, ni nini tunaweza kuchukua hapo?

Kwanza ni mkono wa klachi. Pikipiki inayokwenda mwendo wa mtu anayetembea haiendeshwi kwa mafuta peke yake. Unaweka mafuta kidogo, yatulie hapo, kisha klachi ndiyo inafanya kazi, unaiachia kidogo na kuivuta kidogo pale inaposhika, huku breki ya mguu ikigusa kwa mbali. Jizoeze hilo kwenye nyasi mpaka uweze kwenda mita 20 kama konokono. Halafu chora nane kati ya mikebe miwili. Kwenye kona ya polepole mwili hubaki wima, pikipiki ndiyo inalala. Ukikata kushoto, lemea kikanyagio cha kulia. Wengi hufanya kinyume, ndipo inawaangusha.

Macho nayo yana kazi yake. Ukilikodolea macho shimo, utaingia shimoni. Tazama mahali unapotaka kupita, tena mbele kidogo, si kwenye gurudumu.

Sasa mteremko, ambao ndio unatumaliza. Kuna tabia ya kuzima injini ukiteremka ili kuokoa petroli. Jamani, petroli hiyo ni ya shilingi ngapi? Injini ikizimwa, au klachi ikivutwa moja kwa moja, unabaki na breki tupu juu ya sabuni. Shuka na gia ya kwanza, klachi umeiachia, injini yenyewe ikuzuie. Kaa nyuma. Breki zote mbili ziguswe kwa ulaini. Ile ya mbele ni nzuri lakini haitaki kukamatwa ghafula. Gurudumu likifunga na kuteleza, legeza breki lizunguke tena. Na mguu ubaki juu ya kikanyagio. Pikipiki yenye abiria na mzigo haizuiliki kwa mguu wa mtu, ile hadithi ya kijana wetu imetuonyesha.

Kupanda ni kinyume chake. Mwendo uuchukue chini, kabla mlima haujaanza, uegemee mbele, na mafuta yawe ya kiasi kimoja. Ukiyakanyagia katikati, gurudumu linachimba kaburi lake. Injini ikizima mlimani usivute klachi. Iachie huku gia imo, gurudumu la nyuma litajifunga, ushike na breki ya mbele, kisha ushukie upande wa juu, si upande wa bonde.

Jambo moja msiige. Watu wa trayali hupunguza sana upepo wa tairi ili zishike mawe. Wao hawabebi mtu. Sisi tukipunguza hivyo na abiria yupo nyuma, tyubu itakatika kwenye jiwe la kwanza. Tena kusimama juu ya vikanyagio ni kwa mazoezi, au pikipiki ikiwa tupu. Huwezi kusimama mbele ya uso wa mama wa watu.

Kuhusu ufundishaji. Nimeona vijana wakifundishana kwa kelele, watu sita wanapiga makelele na mwanafunzi hajui amsikie nani. Afundishe mmoja. Aseme jambo moja tu kwa zamu moja, kwa mfano leo ni breki ya mguu, basi. Mwanafunzi akirudi, mwalimu aulize kwanza, “Umehisi nini?” kabla ya kumwambia alikosea wapi. Na asiyeweza kulionyesha jambo kwa pikipiki yake mwenyewe, asilifundishe. Aliye mzee wa stegi si lazima awe mwalimu. Mara nyingi yule mnyamavu asiyeanguka ndiye anayefaa. Shirika la Riders for Health, ambalo liliwafundisha wahudumu wa afya katika nchi kama Lesotho na Zimbabwe kuendesha pikipiki vijijini, lilikuwa na walimu waliofunzwa kazi hiyo hasa. Walijua kwamba kuendesha ni kitu kimoja na kufundisha ni kingine.

Sasa nazungumza na ninyi abiria, hasa mama zangu. Kijana akisema, “Mama, shuka tupite hapa kwa miguu,” mnamwambia ati hajui kazi, na mnataka kumpunguzia nauli. Nimewasikia kwa masikio yangu. Ndiyo maana anaona haya kusema. Naomba vikundi vikubaliane kwamba mahali palipo pabaya abiria atashuka, na nauli ni ile ile. Kila kituo kinajua mahali pake pabaya. Pakiandikwa kwenye ubao wa kituo, hakuna atakayemlaumu kijana.

Na mkopo? Nilisema nitafika. Kamati inayotoa mkopo wa pikipiki huuliza juu ya mdhamini, juu ya kitabu cha akiba, juu ya bima. Naomba iongeze swali moja: mwendeshaji apite kiwanjani mbele ya wenzake, nane tatu kati ya mikebe na mteremko mmoja, bila kuweka mguu chini. Akishindwa, asikatazwe, apewe majuma manne ya mazoezi kisha arudi. Saa moja kwa juma, petroli yake wanachama wanaweza kuchanga.

Yule kijana wetu amerudi kazini, anachechemea kidogo. Amekubali kusimamia mikebe na kuandika pointi. Jumamosi hii tunaanza saa tatu asubuhi kwenye kiwanja cha shule, mwalimu mkuu ameturuhusu hadi saa sita. Njooni na kofia ngumu na viatu, si ndala. Mikebe ninayo.